UZI: Unataka kuolewa kwenye nyumba ya Kiurdu? Jua kwanza utaitwa nani

Mtoto wa Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa ndoa za ughaibuni nilimjibu dada mmoja aliyeposwa na Mpakistani huko Sharjah, nikaahidi nitaandika kwa kirefu. Tangu siku hiyo PM zimejaa, wengine wanauliza mahari, wengine wanauliza majina ya watoto, wengine wanataka kujua tu. Leo mwanangu kalala mapema, naandika yote hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Mume wangu tulikutana tukifanya kazi Sharjah. Huu ni mwaka wa tisa naishi Karachi, Nazimabad, nyumba moja ya ghorofa mbili na mama mkwe, kaka mkubwa wa mume wangu, mkewe na watoto wao. Hii ni familia ambayo hapa Karachi huitwa "watu wa Kiurdu". Wazee wao walitoka India, upande wa Lucknow, baada ya nchi kugawanywa mwaka 1947. Nalisema hili mapema kwa sababu kwetu tunadhani kila Mpakistani ni mtu wa Kiurdu. Kiurdu ni lugha ya taifa na aliyekwenda shule anakijua, lakini kwenye sensa ya 2017 waliokitaja kuwa lugha yao ya nyumbani ni kama 7 katika kila 100. Wapunjabi, Wapashtuni, Wasindhi na Wabaluchi wana maneno yao na mila zao. Mimi nasimulia nyumba niliyomo.

Wiki yangu ya kwanza dada yangu mkubwa alinipigia simu. Nilikuwa jikoni, naongea: "Ndiyo dada, nimefika salama dada, usiwe na wasiwasi dada." Mama mkwe alikuwa mezani anachambua dengu, nikaona vidole vyake vimesimama. Nilipokata simu akaniuliza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, babu yangu hajambo? Nikamwambia babu alishafariki, zamani, nikiwa mdogo. Akaacha sinia, akanishika mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga, akaanza kuniombea dua. Mume wangu alipoingia ndipo ikaeleweka. Kwa Kiurdu "dada" ni babu mzaa baba. Yule mama alisikia naongea na babu, kisha akasikia babu kafa, akajua simu ile ndiyo iliyoleta msiba.

Kesho yake nikanunua daftari.

Basi tuanze. Upande wa baba, babu ni dada na bibi ni dadi. Upande wa mama, babu ni nana na bibi ni nani. Ndiyo, nani. Mwanangu alipoanza kusema, kila akimwona mama yangu kwenye simu ya video anapiga kelele "Nani! Nani!" na mama kule Tanga anamjibu taratibu, "Ni mimi, bibi yako." Siku inayofuata tena, "Nani!" na mama tena, "Ni bibi yako, mama yake mama." Ilipita miezi kabla sijajua kwamba mama alikuwa anaumia, anaona mjukuu hamjui. Nilipomwambia mtoto haulizi, anamwita kwa cheo chake, alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Basi mwambie Nani yupo."

Kwa ndugu wa wazazi, Mswahili hapati tabu sana. Taya ni baba mkubwa na mkewe ni tai. Chacha ni baba mdogo na mkewe ni chachi. Ni mpango wetu uleule, aliyemtangulia baba ana jina lake na aliyemfuata ana lake. Shangazi ni phupi, na mumewe ni phupa. Mjomba ni mamu, na mkewe, yule ambaye sisi wa pwani tunamwita mkaza mjomba, wao wanamwita mumani. Dada wa mama, awe mkubwa awe mdogo, ni khala tu, na mume wa khala ni khalu. Mnaona tofauti? Kaka za baba wanapangwa kwa kuzaliwa, dada za mama hawapangwi. Nilivyoona mimi kwa kukaa nao, uamuzi wa mali na posa uko kwa baba na kaka zake, kwa hiyo lazima ijulikane nani mkubwa. Kwa mama ni mapenzi na chakula, hakuna anayeuliza nani katangulia.

Watoto wa hao wote unawaeleza kwa kuongeza "zad", neno la Kiajemi lenye maana ya aliyezaliwa na fulani: chachazad, khalazad, mamuzad. Ukimwita mwenyewe husemi hivyo, unasema bhai kwa wa kiume, na baji au apa kwa wa kike aliyekuzidi umri.

Neno moja naomba mlishike sana: sala. Kwetu ni ibada. Kwao ni kaka wa mke, na mtaani ni tusi, kwa sababu ukimwita mtu usiyemjua "sala" ni kama unamwambia dada yake ni mke wako. Nyumbani kwangu sasa nasema namaz kama wao. Mwanzoni nilikuwa nasimama sebuleni mbele ya wageni nasema naenda kusali, sala imefika, na vijana wanatazamana.

Sasa tufike kwenye ukwe, na hapa ndipo dada yangu wa Sharjah atulie asome.

Nyumba uliyoolewa inaitwa susral. Nyumba uliyotoka inaitwa maika. Mama mkwe ni saas, baba mkwe ni sasur, lakini hayo ni maneno ya kumtajia mtu mwingine, usije ukamwita mtu saas usoni. Unamwita ammi, au vile watoto wake wanavyomwita. Kaka mkubwa wa mume ni jeth, mkewe ni jethani. Mdogo wa mume ni devar, mkewe ni devrani. Dada wa mume ni nand, yaani wifi, na mume wa wifi ni nandoi. Sisi kwa hao tuna shemeji na wifi, basi. Wao kila mmoja kapewa kiti chake. Mimi ni devrani, mke wa mdogo. Maana yake jethani ndiye anayeshika funguo za ghala la chakula, ndiye anayekaa karibu na mama mkwe wageni wakija na watoa posa, na chai naipeleka mimi. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia. Neno lenyewe ndilo lililoniambia, nilipolielewa.

Jambo lililonichukua miaka mingi zaidi kulielewa ni hili. Jethani wangu ni binti wa khala wa mume wangu. Ndoa za mabinamu ni nyingi sana Pakistani, zaidi ya nusu ya ndoa ni za watu wenye damu moja, na haziwi siri wala aibu. Kwa hiyo mama mkwe kwa jethani ni saas na ni khala. Wakikosana kama saas na mke wa mtoto, jioni wanapatana kama khala na mtoto wa dada yake. Yeye ana kamba mbili. Mimi nina moja tu, na ikikatika hakuna nyingine ya kushika. Nilipolijua hilo niliacha kujilinganisha naye, na nikaacha kumwonea uchungu mama mkwe kwamba anapendelea.

Naendelea na harusi na majina nikipata nafasi. Karibuni.


Kisiki cha Mpingo

Uzi mzito, dada. Swali: hawa Wahindi wetu wa Kariakoo wanaoitana kaka na mama kwa watu wanaume, ni lugha hiyohiyo?


Mtu wa Mvita

Kisiki, hao wengi wao ni Wagujarati na Wakachi. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, na mama ni mjomba. Nimekua Mombasa nikicheza na watoto wao, nikimsikia mwenzangu anamwita mwanaume mwenye ndevu "mama" nikadhani ana kasoro. Ile bhai na jee unayoiona mwishoni mwa majina, kama Karimjee wa Karimjee Hall pale Dar, ni heshima iliyogandana na jina mpaka ikawa jina lenyewe. Ndiyo ileile "ji" ya Kiurdu.

Mleta uzi, sisi Mvita tuna ami kwa baba mdogo na mwamu kwa shemeji. Kwa hiyo hata Kiswahili kina hazina yake, ila vijana sasa wote ni anko na anti.


Mtoto wa Ngamiani (mleta uzi)

Mtu wa Mvita umenigusa. Hata hapa Karachi watoto wa shule siku hizi ni anko na anti kwa kila mtu. Mama mkwe hakubali. Mjukuu akisema anko, anamuuliza, "Anko yupi? Chacha, taya, mamu, khalu au phupa?" na mtoto hapati biskuti mpaka ajibu sawasawa.

Tuje kwenye harusi.

Huanza na rishta. Rishta ni posa, na pia ni uhusiano wenyewe wa kindugu, neno moja kwa yote mawili. Wakikubaliana wanasema "baat pakki", maneno yamekaza, wanalishana kitu kitamu. Kisha mangni, ndiyo kuvishana pete. Siku zikikaribia kuna usiku wa dholki, wanawake wanakaa chini na ngoma ya dholak wanaimba, na nyimbo nyingi ni za kumsema mama mkwe na mawifi. Hapo nilijisikia nyumbani kabisa.

Bi harusi anawekwa mayun. Anavaa nguo za njano, hatoki, anasingwa kwa ubtan: manjano, unga wa dengu, sandali na marashi ya waridi. Waliponiwekea bakuli lile mbele yangu nilisikia harufu nikalia, maana ni singo. Nilitafuta kungwi pembeni yangu sikumwona. Kazi ya kukufunda kwao haina mtu maalumu, inagawanywa kwa baji na khala, kila mmoja anakunong'oneza kipande chake.

Halafu mehndi, ndiyo hina. Halafu barat, siku ambayo msafara wa bwana harusi unakuja na wenyeji ni upande wa mke. Dada za bi harusi wanaficha viatu vya bwana harusi na hawavitoi mpaka alipe, wanampa maziwa anywe na hayo pia analipia. Dada zangu walikuwa Tanga, kwa hiyo kazi hiyo waliifanya mabinti wa jirani, na pesa yote waliniletea mimi. Mwisho wa barat ni rukhsati, bi harusi anaagwa na anatoka kwao, Kurani imeshikwa juu ya kichwa chake. Hata waliokuwa wakicheka hapo wanalia. Siku ya mwisho ni walima, na hiyo inaandaliwa na upande wa mume.

Nikaha ni ileile tunayoijua. Wakili anakwenda kumuuliza bi harusi, anajibu "qubool hai", nimekubali, mara tatu, na zinagawiwa tende kavu. Wana methali yao ambayo Mswahili hahitaji mkalimani: mian razi, biwi razi, to kya karega qazi. Bwana radhi, bibi radhi, kadhi atafanya nini? Talaka ni talaq, eda ni iddat, khului ni khula, walima ni walima. Nusu ya kitabu cha ndoa tayari unacho kichwani.


Bint Pangani

Dada shukrani. Mimi ndiye niliyeuliza ule uzi mwingine. Naomba unifungulie mahari na hiyo jahez, maana mchumba wangu anasema kwao mwanamke ndiye anayekuja na vitu. Baba yangu kakasirika.


Mtoto wa Ngamiani (mleta uzi)

Bint Pangani, mdogo wangu, kaa vizuri.

Mahari wao wanaita mehr au haq mehr, na ni haki yako wewe, kama kwetu. Kuna ya papo hapo na kuna ya kuahirishwa, na yote inaandikwa kwenye hati. Utasikia watu wanazungumzia "mahari ya sheria" ya rupia 32. Ni mazoea tu ya watu, hakuna sheria ya dini inayotaja rupia 32, na leo hazinunui hata sahani ya biriani. Akikuambia mtu hivyo, mjibu kwa adabu kwamba familia yako itataja kiasi chake.

Jahez ni kitu kingine. Ni vyombo, kitanda, friji, dhahabu na nguo ambavyo wazazi wa binti wanamtoa navyo. Sheria ya 1976 iliweka kikomo cha rupia 5,000 kwa jahez, na ipo mpaka leo kwenye vitabu, lakini nimeona kwa macho yangu malori yakishusha makochi. Wapo wazazi wanaokopa miaka kumi kwa sababu ya binti mmoja. Mimi hili silipendi na nalisema wazi hata mezani kwetu, na mume wangu ananiunga mkono. Baba yangu alipoambiwa kuna jahez alisema, "Mwanangu namtoa, halafu nilipie?" Mwishowe mama alinipa kanga doti kumi na mkeka wa ukindu, na mama mkwe wangu, Mungu amlipe, aliutandika mkeka ule chumbani kwake mwenyewe, anauswalia hadi leo.

Sasa kitu cha maana kuliko vyote nilivyoandika. Ndoa Pakistani inaandikishwa kwenye hati inayoitwa nikahnama, chini ya sheria ya familia ya Waislamu ya 1961. Ina vipengele vilivyopewa namba. Kipengele cha 17 ni masharti maalumu mtakayokubaliana. Cha 18 kinauliza kama mume amemkabidhi mke haki ya kutoa talaka, na kwa masharti gani. Mara nyingi sana anayeandika hati anakipiga mstari kabla bi harusi hajaiona karatasi. Bi harusi amefunikwa shela, watu wamemzunguka, anaonyeshwa pa kutia saini tu. Hivyo ndivyo ilivyotaka kunitokea mimi. Kilichoniokoa ni shemeji wa mama mkwe, mzee aliyekuwa karani zamani, alisema kwa sauti, "Msichana huyu hana mtu wa damu yake hapa. Mfasirieni kila mstari." Ikasomwa yote, watu wakasubiri na njaa zao, na cha 18 kikajazwa.

Hati iko kwa Kiurdu. Omba nakala wiki moja kabla, ifasiriwe, baba yako aisome. Mchumba mwenye nia njema hatakasirika.


Baharia

Mimi nipo Muscat, mafundi wenzangu wengi Wapakistani. Kinachonichanganya ni majina. Ndugu wawili baba mmoja mama mmoja, jina la mwisho tofauti. Na ukimwita Muhammad wanageuka saba.


Mtoto wa Ngamiani (mleta uzi)

Baharia, Muhammad hapo mbele ni baraka, jina lake mwenyewe ni linalofuata. Na usimwite mtu Abdul peke yake. Abdul ni nusu ya neno, "mtumwa wa", lazima uendelee, Abdul Rahman, Abdul Karim. Ziaulhaq vilevile ni jina moja, mwanga wa haki, huwezi kulikata ukasema Bwana Haq.

Kuhusu jina la mwisho, wengi hawana jina la ukoo kama Wazungu. Sisi Watanzania tuna bahati ya kulielewa hili, maana tunaandika jina langu, la baba, la babu: Samia Suluhu Hassan, baba yake ni Suluhu. Wao wengi wanaishia kwa baba. Babar Azam wa kriketi, baba yake anaitwa Azam. Angalia familia ya Sharif, wanasiasa wakubwa wa hapa. Nawaz Sharif na Shehbaz Sharif ni ndugu, Sharif ni jina la baba yao. Binti wa Nawaz ni Maryam Nawaz. Mtoto wa Shehbaz ni Hamza Shehbaz. Hao wawili ni watoto wa ndugu wa tumbo moja, lakini ukitazama majina tu utasema hawajuani. Hata Jinnah mwenyewe, mwasisi wa nchi, jina lake la mwisho lilikuwa jina la baba yake, Jinnahbhai, akaliondoa lile bhai alipokuwa London akisomea sheria.

Wengine jina la mwisho ni la kabila au nasaba. Malala Yousafzai ni Yusufzai kwa kabila, Shahid Afridi ni Mwafridi. Syed ni wa kizazi cha Mtume, Mirza na Beg ni Wamughal, Khan asili yake ni cheo cha Waturuki na Wamongolia, Wapashtuni wanalitumia sana ingawa sasa limeenea kote, Butt ni watu wa Kashmir. Ndugu wawili mmoja anaweza kutumia jina la baba na mwingine la nasaba, ndiyo hao mafundi wako.

Wanawake ndiyo kila mmoja na lake. Wengine wanamalizia na Bibi, Begum, Khatoon au Bano, ambayo ni heshima ya kike. Wengine wanabaki na jina la baba maisha yote, na wengine wanachukua jina zima la mume. Mke wa Liaquat Ali Khan, waziri mkuu wa kwanza, alijulikana kama Begum Ra'ana Liaquat Ali Khan. Benazir, aliyekuwa waziri mkuu, alibaki Bhutto ingawa mumewe ni Zardari, na alipouawa Desemba 2007 mtoto wao Bilawal akaongezewa jina la mama, akawa Bilawal Bhutto Zardari.

Mambo haya yana gharama zake. Mwanangu jina lake la mwisho ni jina la kwanza la baba yake. Baba yake jina la mwisho ni la nasaba. Mimi nina la babu yangu wa Tanga. Tulipita uwanja mmoja wa ndege, mimi na mtoto peke yetu, ofisa akatazama pasi mbili zisizofanana hata herufi, akatukalisha karibu saa mbili. Aliniuliza mara tatu mtoto huyu ni wa nani. Tangu hapo natembea na cheti cha kuzaliwa na tafsiri ya nikahnama iliyogongwa muhuri, na wewe Bint Pangani ufanye hivyohivyo.


Bint Pangani

Dada nimesoma yote mbele ya baba, nimemfasiria pale penye kipengele cha 18. Kasema hiyo hati ije. Na mtoto akizaliwa jina nani anampa? Mama yangu anataka kuacha jina la bibi.


Mtoto wa Ngamiani (mleta uzi)

Anaadhiniwa sikioni, kisha kuna ghutti. Asali kidogo au tende iliyotafunwa, mtu mmoja anamlambisha mtoto kabla ya kitu kingine, na wanaamini mtoto atachukua tabia za huyo mtu. Kwa hiyo anachaguliwa kwa makini kuliko jina. Mama mkwe alimwita mamu wa mume wangu, mzee mpole aliyekuja kwa basi kutoka upande wa pili wa jiji, akanawa mikono mara mbili, akachovya kidole kwenye asali, akakaa nacho hewani kidogo akiomba dua ndipo akamgusa mtoto mdomo. Sijasahau kidole kile kilivyokuwa kinatetemeka.

Akika ni siku ya saba kama kwetu, mbuzi wawili kwa wa kiume, mmoja kwa wa kike, na nywele zinanyolewa. Jina kwa kawaida linatoka kwa wakubwa wa upande wa baba, dada na dadi, au phupi. Wazee wengine bado wanatunga jina la tarehe: kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake kwa hesabu ya abjadi, Ali kwa mfano ni 110, sabini na thelathini na kumi, basi wanatafuta jina ambalo herufi zake zikijumlishwa zinatoa mwaka wa Hijria aliozaliwa mtoto. Ukijua hesabu, jina linakwambia umri.

Ila mtoto ana jina la pili la nyumbani. Munna, Guddu, Guriya yaani mwanasesere. Hapo ndipo nilipopata nafasi. La karatasi walitoa wao, la nyumbani nikasema ni langu, nikampa jina la bibi yangu mzaa mama. Leo nyumba nzima inamwita kwa jina la Kitanga, na hata muuza maziwa mlangoni. Mwambie mama yako aombe la nyumbani. Ndilo litakaloitwa kila siku.


Mtu wa Mvita

Dada, kuna Waafrika hapo Karachi nasikia. Wana majina gani?


Mtoto wa Ngamiani (mleta uzi)

Wapo, wanaitwa Masheedi, wako Lyari na Manghopir na huko Sindh ndani. Ni kizazi cha watu waliovushwa kutoka pwani yetu, wengi wao kwa utumwa. Wengi wanajiita Qambrani, kwa Qambar aliyekuwa mtumishi wa Sayyidna Ali, au Bilali, kwa Bilal. Jina la ukoo walinyang'anywa baharini, wakachagua lingine katika watu weusi wenye heshima katika Uislamu. Mwaka 2018 Tanzeela Qambrani aliingia bunge la Sindh, mwanamke wa kwanza wa Kisheedi, na asili ya wazee wake ni Tanzania. Siku alipoapishwa nilimwita jethani aje aone. Alitazama, akanitazama mimi, akasema, "Huyu ni wa maika yako." Sitasahau kwamba alitumia neno hilo.


Kisiki cha Mpingo

Swali la mwisho dada. Wewe mwenyewe wanakuitaje?


Mtoto wa Ngamiani (mleta uzi)

Mama mkwe ananiita Dulhan, bi harusi. Mwaka wa tisa huu, bado ni Dulhan, na jethani ni Bari Dulhan, bi harusi mkubwa. Watoto wa jethani wananiita Chachi. Watoto wa wifi wananiita Mumani. Majirani, mama fulani.

Mama mkwe naye, tangu aolewe hajawahi kutamka jina la mumewe. Alikuwa anamwita "Suniye", sikiliza, na akimtaja ni "baba wa watoto". Baada ya mzee kufariki tulimpeleka ofisi fulani kwa ajili ya pensheni. Karani akamuuliza jina la marehemu. Alikaa kimya, akavuta ushungi, kisha akamgeukia mwanawe mkubwa, na mwanawe ndiye aliyelitaja. Karani hakushangaa, akaandika.

Jina langu mimi nalisikia benki, na kwa mume wangu tukibaki wawili, na kwenye simu ya dada yangu. Dada yangu akipiga siku hizi mama mkwe ndiye anayewahi simu, anaita kwa sauti kutoka jikoni, "Dulhan! Dada yako!" kwa Kiswahili kabisa.

Mtoto kaamka, wakuu. Kesho nitajibu PM.